Tapeti za Pikapu ya Baba Awino

Vijana wa gereji,

Mmenistaafisha vizuri. Mmenipa saa ya ukutani, nadhani ili nione wazi muda ambao sina tena la kuufanyia. Naitazama kila asubuhi nikiwa na kikombe cha chai, najiuliza sasa hivi nani yuko chini ya gari gani. Siku ya kuniaga, mmoja wenu aliniuliza ni kazi gani sitaisahau. Sikumjibu, maana mlikuwa mnakata keki. Namjibu sasa, na nyote msome.

Nilifika Kawangware miaka michache baada ya uhuru, kijana kutoka Bunyore mwenye shati moja la kuvaa na moja la kazi. Kabla wiki haijaisha, yote mawili yalikuwa ya kazi. Gereji ilikuwa kwenye shamba la Mzee Ng'ang'a, karibu na hapo mnapopaita Hamsini na Sita. Upande mmoja wa uwanja kulikuwa na mahindi yake, na upande wa pili vyumba vya kupanga vilikuwa vimeanza kuota, kimoja kimoja, kama meno ya mtoto. Katikati kulikuwa na paa la mabati, shimo la kuingilia chini ya gari, na Mzee mwenyewe, mrefu, mkimya, koti la kanisani limegeuka koti la grisi.

Siku ya kwanza alinipa karai la mafuta ya taa na debe lililojaa nati.

"Osha," akasema.

"Zote, Mzee?"

"Kwani umeona zingine hazitaki kuoga?"

Niliosha nati kwa muda mrefu kuliko mtakavyoamini. Mikono ilinuka mafuta ya taa hata kwenye ndoto, na ndoto zenyewe zilikuwa za nati, zikitembea juu ya maji kama bata. Lakini kwa kuosha nilijua kila nati inatoka wapi. Ungenifunga kitambaa usoni ukaniwekea moja mkononi, ningekwambia hii ni ya gurudumu, hii ni ya kichwa cha injini, hii imewahi kulazimishwa na mtu mwenye hasira.

Kazi moja Mzee hakumwachia mtu: kurekebisha tapeti, yaani nafasi za valvu. Nyinyi mna bahati, injini nyingi mnazofungua leo zinajirekebisha zenyewe kwa mafuta, kwa hiyo nitaeleza. Injini hupumua kupitia valvu. Juu ya kila valvu kuna kipande cha chuma kinachoikandamiza ifunguke, tunakiita roka. Kati ya roka na valvu lazima kuwe na nafasi, ndogo sana, kwa sababu chuma kikipata joto hurefuka. Nafasi ikizidi, injini hugonga na kuishiwa nguvu. Nafasi ikikosekana, valvu haifungi vizuri, moto unapita pembeni yake na kuila polepole, nawe huku juu husikii chochote.

Mzee alifanya kazi hiyo asubuhi, injini ikiwa baridi. Alipitisha kibati chembamba cha kupimia, alichokiita fila, akasogeza skrubu ya roka kwa bisibisi, akakaza nati inayoifunga, halafu akapitisha fila tena palepale. Kila valvu, mara mbili. Mimi nilidhani ni uzee, kwamba anasahau ameshapima.

Siku zisizo na magari mengi alibana vyuma viwili kwenye vaisi, jiliwa la mezani, na kunipa fila. "Fumba macho," alisema. "Vuta. Unasikia?"

"Nasikia inakwama kidogo."

"Kidogo namna gani?"

"Kama kutoa uzi kwenye sweta."

"Sasa hiyo ukumbuke. Na usije ukaigusa injini yangu."

Hivyo ndivyo alivyofundisha. Anakupa kitu, halafu anakuzuia kukitumia.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Silanga, upande wa Kibera unaotazama bwawa. Sijui kama mmewahi kuamka kule kukiwa na ukungu. Maji hayaonekani, mashamba ya sukumawiki hayaonekani, unasikia tu watu wakisalimiana ndani ya weupe, na ndege wa bwawani wakiita kama wamepotea. Kisha jua linatoka na kila kitu kinarudi mahali pake. Nilikuwa natoka nikatembea hadi kazini, na mara nyingi nilifika Ngong Road bado nikihisi sijaamka.

Jirani yangu aliitwa Omondi, na sote tulimwita Baba Awino kwa jina la binti yake. Aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, kule Kisumu Ndogo, mtaa mwingine wa Kibera, na alikuwa na pikapu ya kijani aliyokuwa akiileta kutoka nyumbani kwao magharibi ikiwa imejaa magunia. Ilinuka ziwa. Hata ikiwa tupu, hata baada ya mvua, ukipita karibu nayo ulidhani maji yako nyuma ya nyumba inayofuata.

Mama yake alikuwa amekuja Nairobi kwa ajili ya macho. Tulimwita Dani, nyanya, hata sisi tusio Wajaluo. Bunyore ni mpakani na kwao, kwa hiyo lugha yake niliielewa, na jioni nilikaa naye mlangoni nikimwambia rangi ya mawingu. Madaktari walikuwa wamemwambia macho yale basi. Alipokea habari hiyo kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa. Alikaa kwenye kigoda chake, akasikiliza Silanga yote. Alijua nani anapita kwa mlio wa kandambili.

Halafu mtu mmoja aliyetoka nyumbani alileta habari. Dada yake Dani, Adhiambo, alikuwa kitandani na hainuki tena. Ndiye aliyemlea Dani mama yao alipofariki. Kila jioni alikuwa anauliza, "Amefika?" Wakimwambia bado, anageukia ukuta.

Dani aliposikia hivyo alianza kukunja nguo zake. Hakumwomba mtu ruhusa.

Basi la abiria hangeweza kulipanda; lile lililomleta lilimtapisha njia nzima hadi akabebwa kushuka. Ilibaki pikapu, na pikapu yenyewe ilikuwa mgonjwa. Iligonga kwa sauti ya mtu anayepiga bati kwa kijiko, na kilima cha kutoka bwawani ilikipanda kwa kusukumwa. Kati ya Silanga na kwa Adhiambo kuna milima ambayo mtu hawezi kuisukumia gari.

Jumamosi Baba Awino alinifuata hadi gereji, tukakuta lango limefungwa. Mzee alikuwa amekwenda Murang'a kwa mambo ya uchumba wa binti yake, na vifaa vyote viko ndani. Tulirudi Silanga. Tulipofika kwa pikapu akasimama.

"Josphat, si wewe ni fundi?"

"Mimi ni muosha nati, Baba Awino."

"Nati za hizo tapeti umewahi kuziosha?"

"Mara nyingi."

"Basi mnajuana. Fungua."

Nilitazama mlangoni kwake. Dani alikuwa kwenye kigoda, furushi la nguo liko magotini, tayari.

Spana yangu nilikuwa nayo chumbani, na bisibisi. Fila sikuwa nayo. Lakini niliwahi kumsikia Mzee akisema kwamba vitani huko, alikojifunzia kazi, walikuwa wanapimia wembe. Nilikwenda kioski nikanunua nyembe mpya, nikaokota karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Kwa gari lile, wembe mmoja ulitosha valvu za kuingiza hewa. Za kutoa moshi zilitaka nyembe mbili na karatasi. Mama Caro, muuza mboga, alinipa sinia yake ya kuwekea vitu, akaniambia nisirudishe ikiwa na grisi. Majirani wakakusanyika, maana Silanga hakuna mtu anayefanya kitu peke yake.

Nilipoinua kifuniko cha juu ya injini, watu walisogea. Hawakuwa wamewahi kuona ndani ya injini, na mimi ni kama sikuwa nimewahi kuona, maana hii haikuwa ya Mzee. Roka zilikuwa zimejipanga mstari mmoja, zimepakwa mafuta ya rangi ya asali, zimeinama kidogo kama watu kwenye maombi. Jua la mchana liliingia humo ndani likatulia. Nilisahau watu. Nilitoa plagi, Baba Awino akashika hendeli ya mbele, akawa anazungusha injini polepole kwa mkono. Roka moja inashuka, nyingine inapanda, nikasema "Simama," akasimama. Wembe ukaingia. Nikasogeza skrubu hadi nikapata ule uzi wa sweta, nikakaza nati, nikasonga mbele. Sijui tulichukua muda gani. Nakumbuka tu kwamba sauti za Kibera zilikuwa mbali sana, kama zinatoka upande wa pili wa maji.

Tulipofunga na kuiwasha, pikapu ilinyamaza. Sisemi ilizima. Iliwaka, na ikanguruma laini kama paka aliyeshiba. Hakuna kugonga hata kidogo. Watu wakapiga makofi, Baba Awino akanibeba juujuu, na Mama Caro akasema sinia nikae nayo.

Nilikwenda kwa Dani nikitegemea sifa.

"Josphat," akasema, "jana ilikuwa inaongea. Mbona leo imenyamaza?"

"Imepona, Dani."

"Mimi nikipona huwa naongea zaidi."

Nilicheka. Lakini nilipokuwa nanawa mikono jua likizama, maneno hayo yalikataa kutoka pamoja na grisi. Magari ya Mzee hayakuwa yananyamaza. Yalikuwa na kamlio fulani, kadogo, ka haraka. Nikafumba macho nikamwona Mzee akipima, akikaza, akipima tena. Hapo ndipo nilipoelewa, mikono ikiwa bado kwenye karai. Ukikaza nati, skrubu huzunguka nayo kidogo bila wewe kuona. Ile nafasi uliyoipata kwa uangalifu wote inakufa chini ya spana yako mwenyewe. Mzee hakuwa anasahau chochote.

Nikaenda kwa Baba Awino. Alikuwa anafunga turubai, kwa maana walipanga kutoka alfajiri.

"Msitoke alfajiri," nikamwambia. "Lazima nifungue tena, na lazima ipoe kwanza. Mpaka asubuhi."

"Josphat, gari inaimba."

"Hiyo ndiyo shida. Nimezibana valvu. Ukipanda nayo milima zitaungua, na utasimama pale juu na Dani kwenye baridi."

"Una uhakika?"

"Sina."

Alinitazama kwa hasira ya mtu aliyechoka. "Dada yake mama yangu anakufa, na wewe unataka kuharibu kitu ambacho kimetengenezeka, na uhakika huna?"

Ni Dani aliyejibu, kutoka ndani. "Mwache afungue. Mimi sipandi kitu ambacho hakisemi."

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Boneti ilikuwa na umande, na chuma kilikuwa baridi hadi kinauma. Hakukuwa na watazamaji, ni sisi wawili tu na vyura wa bwawani. Nilijaribu wembe kwenye valvu ya kwanza. Haukuingia. Ya pili, haukuingia. Zote zilikuwa zimefumba kama midomo. Baba Awino aliona, akashika hendeli.

Safari hii niliishika skrubu kwa bisibisi kwa mkono mmoja, na kukaza nati kwa mwingine, nikiisikiliza skrubu isitoroke. Kisha nikapima tena. Mara nyingine ilitoroka, nikaanza upya. Ukungu ulikuwa unapita juu ya injini, ukiingia na kutoka kati ya roka, na kuna wakati nilihisi tunatengeneza kitu kilicho chini ya maji, polepole, kwa vidole visivyo vyangu. Tulipofika ya mwisho, jua lilikuwa limegusa mabati.

Ikawaka. Chini ya mngurumo kulikuwa na kamlio kadogo, kavu, kama wanawake wanaopeta mchele nyumba ya tatu. Dani alikuwa ameshasimama mlangoni, mkono kwenye mwimo.

"Eeh," akasema. "Sasa twende."

Baba Awino alikataa nibaki. Alisema aliyeifungua mara mbili ndiye wa kuifungua mara ya tatu. Tukabanana mbele, mimi katikati, Dani dirishani. Tulipofika ukingoni mwa bonde, pale dunia inapokatika na mlima Longonot kuonekana chini, Dani aliuliza kuna nini, kwa sababu sisi wawili tulikuwa tumenyamaza. Nilimwambia kuna bonde lenye rangi ya ngozi ya simba, na vivuli vya mawingu vinatembea ndani yake. Akatoa mkono dirishani kama anataka kuvipapasa.

Baada ya Nakuru milima ilianza kweli. Baridi, miti, barabara inapanda na haionyeshi kuchoka. Mimi sikuwa naitazama barabara. Nilikuwa nasikiliza kwa nyayo, viatu nimevua, miguu juu ya sakafu ya bati. Nilitegemea wakati wowote kale kamlio kapotee. Kila kona nilikatafuta, na kila kona kalikuwepo. Baba Awino alikuwa anatoa jasho kwenye baridi. Dani aliweka kiganja gotini pangu na kidole kimoja kikawa kinagonga, kufuata injini. Sijui alikuwa ananituliza mimi au anajituliza mwenyewe. Nilipoona barabara imeinama upande wa pili na hewa imeanza kuwa na joto, nililala. Nililala usingizi ambao sijaupata tena kwenye gari, na nikaota nikiwa bado nasikia tapeti.

Dani ndiye aliyeniamsha. "Tumefika mtoni," akasema, kabla mto haujaonekana.

Tuliingia uani jua likiwa chini. Watu walitoka, lakini Dani hakumsalimia mtu. Aliushika mkono wangu akaniongoza yeye, kipofu, hadi kwenye mlango wa nyumba aliyokulia. Adhiambo alikuwa kitandani, mdogo kama mtoto, lakini uso wake ulikuwa umegeukia mlangoni, si ukutani.

"Nimesikia gari likiwa kule mtoni," akasema. "Nikawaambia, huyo ni yeye."

Dani akapiga magoti, akaupapasa uso wake wote, polepole, paji, macho, kidevu.

"Umezeeka," Adhiambo akamwambia.

"Wewe hujabadilika," Dani akasema. "Naona sura ni ile ile."

Wakaanza kucheka, na mimi nikatoka nje nikaenda kusimama karibu na pikapu, ambayo bado ilikuwa ya moto na inatoa ile milio midogo ya chuma kinachopoa.

Dani hakurudi Nairobi. Alikaa na dada yake hadi mwisho, na mwisho haukuja upesi kama watu walivyodhani; mahindi yalipandwa na kuvunwa kwanza. Sisi tulirudi na magunia ya omena.

Gereji nilifika nikiwa nimechelewa kwa siku nzima na nanuka samaki. Mzee Ng'ang'a alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Nilidhani atanifukuza. Akasema, "Mwambie ailete."

Baba Awino alipoileta, Mzee aliiacha ipoe, akavua koti, akafungua kifuniko mwenyewe. Alipima kila valvu, zote nane, kwa fila yake. Nilisimama mbali nikiutazama mgongo wake. Hakugusa skrubu hata moja. Alipofika moja karibu na mwisho alirudi akaipima tena, kisha akaniita.

"Hii umeiogopa," akasema. "Umeiachia nafasi kubwa kuliko wenzake."

"Niirekebishe, Mzee?"

Alifikiri. "Hapana. Haina madhara. Iache hivyo." Akafunga kifuniko, akaniwekea fila kwenye kiganja, na akanionyesha kwa kidevu lori lililokuwa linangoja upande wa mahindi. "Lile limepoa," akasema, kisha akaenda kunawa.

Kuanzia siku hiyo sikuosha nati tena, isipokuwa zangu. Mengine ya kazi yangu mnayajua au mmeyasikia yakiwa yameongezwa chumvi. Lakini pikapu ile iliendelea kwenda na kurudi kwa miaka. Nikiwa chumbani kwangu Silanga, ukungu ukiwa umefunika kila kitu, niliisikia ikitoka asubuhi kuelekea magharibi, na katikati ya sauti zote niliisikia valvu ile moja ikigonga peke yake, kidogo tu juu ya wenzake, ikipanda kilima, hadi nilipokuwa sina uhakika kama bado naisikia.